Tenga la Chuma la Nasoro

Saa kumi na moja alfajiri, kabla wavuvi wa Baraka, mji wa kando ya ziwa, hawajavuta mitumbwi yao pwani, Siti binti Mrisho anakaanga mchanga.

Anaukaanga kama karanga, katika sufuria pana, akiugeuza kwa mwiko mpaka uache kutoa mvuke. Wapita njia waliozoea hawaulizi tena. Wasiozoea husimama, hutazama, kisha huuliza kama nyumba hii imeishiwa unga. Siti hana muda wa kuwajibu. Mumewe, Nasoro bin Feruzi, mhunzi wa miaka arobaini na saba, anasubiri mchanga huo ukauke kabisa.

Ukishakauka, Nasoro anaumimina ndani ya bomba la chuma lenye urefu wa mtu na nusu. Anagonga bomba ili mchanga ushuke, anaongeza mwingine, kisha anaziba ncha zote mbili kwa vizibo vya mti mgumu. Bomba linalazwa juu ya makaa, mivukuto inapumua. Katikati yake inapogeuka rangi ya embe bivu, Nasoro na jirani yake wanalinyanyua, wanaliegemeza kwenye kisiki kilichochongwa duara, wanalivuta polepole. Linapinda vizuri, halibonyei, kwa sababu mchanga ulio ndani hauachi nafasi.

"Bomba tupu inabonyea kama bua ya muhindi," anasema bila kuinua macho. "Ikijaa, inatii."

Nyuma yake limesimama gari la buluu lenye viti vinne. Ni gari lililozaliwa bila paa: lina turubai tu, linalokunjwa nyuma kukiwa na jua na kukunjuliwa mvua ikinyesha. Ubavu wake wa kushoto una michubuko mirefu, na kioo cha mbele hakipo.

Juu ya gari hilo Nasoro anajenga kitu ambacho Baraka haijawahi kukiona: kizimba cha mabomba kinachozunguka viti vyote, mbele, nyuma na juu, ili gari likipinduka chuma kiguse ardhi kabla ya vichwa vya abiria. Wauza samaki, ambao hutazama dunia nzima kwa jicho la biashara yao, wamekiita tenga, na jina limeshika.

Anayeijua barabara ya kupanda hadi mji wa Fizi hahitaji kuelezwa tenga hilo ni la nini. Inatoka ziwani ikiwa imenyooka na yenye adabu, inakuta mlima, kisha inaanza vituko vyake. Upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili hakuna kitu. Mvua ikinyesha, ule udongo mwekundu unateleza kama bamia.

Mwezi wa Aprili mwaka jana, 1956, gari hili hili la buluu liliteleza kwenye kona moja ya huko juu likiwa limejaa watu na samaki. Mwenye gari, Anatole, karani wa zamani wa ghala la pamba aliyelinunua kwa akiba ya miaka tisa, ndiye aliyekuwa akiendesha. Gari lilipinduka mara moja tu. Anatole alirushwa majanini akavunjika mfupa wa bega. Wanawake wawili waliumia. Kijana mmoja aliyekuwa mbele akishikilia vitunga visimwagike hakurushwa popote, gari likamlalia. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, jina lake Useni. Alikuwa mume wa Bahati, binti pekee wa Nasoro.

Tangu siku ile hakuna mwanamke wa soko la Baraka aliyepanda gari la Anatole. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hapa hapakuwa na ung'ongo, alikuwa nyoka mwenyewe. Wanawake walirudia njia ya mama zao: wanatoka mchana na vitunga vya ndagala, yaani dagaa wakavu, kichwani, wanalala njiani, wanaingia Fizi kesho yake miguu imevimba.

Bahati alimaliza eda, akawakabidhi watoto wake wawili kwa Siti, akajiunga nao. Zamani alikuwa akipanda Fizi mara mbili kwa wiki na kurudi na faida ya faranga arobaini kila safari. Sasa anakwenda mara moja, na siku mbili zinazofuata ni za kukanda miguu kwa maji ya moto.

Nasoro alikuwa akiiona miguu hiyo kila jioni. Si mtu wa maneno mengi, na wanaomfahamu wanasema hata msiba ule aliupitisha kwa nyundo.

Kisha, mwaka huu, Anatole akaja. Hakuja kuomba tenga, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amelifikiria. Alikuja kuuza gari kwa kilo. Alisimama mlangoni, bega lililovunjika bado limeinama, akamwambia mhunzi kwamba alichukue, alikate vipande, afue majembe, naye asilione tena. Watu waliokuwepo wanakumbuka walivyosimama wawili hao. Baba mkwe wa marehemu na mtu aliyeshika usukani siku ile, na kati yao gari lenyewe.

Nasoro alilizunguka gari mara tatu. Alichuchumaa, akapiga chini yake kwa kidole, akasikiliza. Mtu mwingine angelikata siku ile ile, tena kwa hasira tupu, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Nikiikata, nitapata majembe mia moja," alimwambia Anatole. "Lakini bamama batatembea kwa muguu mpaka lini? Iache hapa."

Anatole alilia pale pale mbele ya watu, mtu mzima wa kola na kalamu mfukoni. Nasoro akamwambia aketi.

Uhunzi Nasoro aliukuta nyumbani. Alizaliwa Kazimia, kusini mwa Baraka, na baba yake Feruzi alikuwa akifua majembe na shoka za wachonga mitumbwi. Alipofika miaka ishirini alishuka hadi Albertville, bandari ya kusini zaidi kwenye ziwa hilo hilo, akafanya kazi miaka sita katika karakana ya meli. Huko alijifunza kuchomelea chuma kwa gesi, na kupinda mabomba kwa kuyajaza mchanga.

Mchanga wa karakana ulifika ndani ya magunia, mkavu. Hakuna aliyemwambia kijana wa Kazimia kwamba ukavu ndio siri yenyewe. Aliporudi kuishi Baraka, mbele ya ziwa lenye mchanga wa bure mpaka macho yachoke, aliona ni uchizi kununua kitu kilicholala mlangoni. Akachota ukingoni mwa maji, akajaza bomba, akaziba, akaweka motoni. Unyevu uliokuwa ndani ukageuka mvuke, na mvuke hauna subira. Kizibo kilitoka kama risasi, kikapita shavuni, kikaondoka na ncha ya sikio lake la kushoto.

Siti alimfunga kidonda, akaokota sufuria lake kubwa, na kuanzia wiki ile hakuna mchanga ulioingia kwenye bomba bila kupita jikoni kwake.

"Mi sikumuamini tena na muchanga," anasema Siti. "Chuma ni yake, muchanga ni yangu."

Mabomba ya tenga yametoka kwenye boila, tangi la mvuke la meli kuukuu iliyovunjwa Albertville. Nasoro aliyachagua mwenyewe kwa sababu hayana mshono: bomba lenye mshono, anasema, hupasukia pale pale lilipounganishwa. Yalisafiri kwa mashua siku tatu. Kabidi, yale mawe yanayotoa gesi ya kuchomelea yakitiwa maji, nayo hutoka huko huko, na ikiisha kazi inalala mpaka mashua nyingine. Jembe moja humpatia Nasoro faranga kumi na tano. Kwa miezi mitatu amefua majembe ya kulisha nyumba asubuhi, na tenga alasiri.

Bureau, ofisi ya wilaya, ilipopata habari, ilimtuma mtu aje kutazama. Mgeni huyo alilizunguka gari, akafungua kitabu chake cha kanuni, akatafuta ukurasa wa vizimba vya wahunzi, hakuuona. Kwa kuwa hakuona pa kuliruhusu wala pa kulikataza, akafunga kitabu na kuomba maji ya kunywa.

Waamuzi wa kweli walikuwa wengine. Walikuwa wanawake wa samaki, na kiongozi wao ni Constance, mama mnene mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Constance alisema waziwazi kwamba hawatapanda chuma kwa kuambiwa. Wanataka kuona.

Basi mwezi wa Juni, kwenye ukingo wa mchanga wa mto Mutambala, gari lilipinduliwa kwa makusudi mbele yao. Katika kila kiti Nasoro alifunga mtungi wa maji, mtupu, kwa kamba za mtumbwi. Mitungi ya Baraka huvunjika hata kwa kuangaliwa vibaya, akasema. Ikipona, mtu atapona.

Vijana wavuvi walilisukuma gari kwa miti ya kusukumia mashua. Likaenda ubavu, likaenda kichwa chini. Sauti iliyosikika haikuwa ya kubingirika, ilikuwa ya bati kupasuka. Miguu ya tenga, ambayo Nasoro aliikaza kwenye bati la sakafu, ilitoboa sakafu hiyo kama sindano kwenye gunia, na tenga zima likazama. Mitungi mitatu kati ya minne ikawa vigae. Wanawake walijitwisha vitunga vyao na kuondoka bila hata kumcheka, jambo ambalo Nasoro anasema lilimuuma kuliko kicheko.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini wahenga hawakuwahi kupoteza kazi ya miezi miwili. Nasoro alikaa siku nne bila kuwasha moto. Siku ya tano aliingia chini ya gari, akalala chali, akakaa huko mpaka adhuhuri. Alipotoka alikuwa ameona kosa lake. Nguzo ya nyumba haisimamishwi juu ya mkeka, husimamishwa juu ya ardhi, na ardhi ya gari ni chasi, yale mataruma mawili mazito yanayobeba kila kitu. Akatoboa sakafu kwa mkono, akaishusha miguu yote sita mpaka kwenye chasi, akaipa kila mguu kiatu cha chuma cha upana wa kiganja na bolti nne. Akaongeza mabomba mawili ya mshazari, ili tenga lisilale upande. Siti akashona mifuko myembamba ya pamba ya mashamba ya hapa hapa, akalivisha nayo kila bomba lililo karibu na kichwa, kwa sababu chuma kinachokuokoa kikikupasua paji la uso hakijakuokoa sana.

Na turubai bado linakunjwa. Nasoro alipinda mabomba ya nyuma makusudi ili lilale chini yake. Anatole, ambaye gari lake bado analipenda japo anaona haya kusema, alilikunja na kulikunjua mara saba.

Jumamosi ya jaribio la pili, saa tatu asubuhi, Mutambala imejaa watu. Anatole amemwaga petroli yote na kutoa betri. Constance ameleta mitungi minne mipya, na kwa utani wake ameifunga vilemba. Gari linasukumwa. Linalala ubavu, linageuka, linakaa kichwa chini juu ya tenga lake, magurudumu yakizunguka hewani. Hakuna sauti ya bati. Wavuvi wanaligeuza, wanahesabu: mitungi minne, mizima, vilemba vimekaa upande tu.

Wanaume wanapiga vigelegele ambavyo si kazi yao. Wanawake hawajasogea hata hatua. Nasoro anawatazama mmoja mmoja, mwisho anamtazama binti yake. Bahati amesimama na kitunga kitupu kiunoni.

"Mutungi hauna batoto, Baba," anasema.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja bei ya mwisho. Nasoro anavua viatu, anaviweka pembeni kwa adabu, na kuelekea kwenye gari.

Ni lazima msomaji ajue jambo moja hapa. Mhunzi huyu aliyelipinda, kulitoboa na kulichomelea gari kwa miezi mitatu, hajawahi kupanda gari maishani mwake. Anayaogopa. Albertville alitembea kwa miguu miaka yote sita, na hilo si siri Baraka, ni utani wa kila siku.

Siti ndiye wa kwanza kuelewa anachotaka kufanya. Anamkamata mkono.

"Baba Bahati, ukikufa ndani ya chuma yako mwenyewe, mi nitaambia batu nini?"

Nasoro aliwageukia watu. Alisema taratibu, naye alikuwa akisema na wote. Kwa baba yake Feruzi, jembe halikuuzwa kabla mhunzi mwenyewe hajalima nalo mstari mmoja. Shoka halikutoka nyumbani kabla yeye mwenyewe hajakata nalo. Kilichofuliwa na mkono wako kinaanza na wewe, ndiyo sheria ya nyumba yao, na yeye aliivunja mwezi wa Juni.

"Nilituma mitungi kwa sababu niliogopa," alisema. "Sasa naogopa vile vile. Lakini mutungi haukufua hii chuma. Ni mi."

Bahati alitupa kitunga, akamfuata, akamsihi asiingie. Alisema hakumaanisha hivyo, kwamba atapanda, atapanda Jumatano hiyo hiyo, basi inatosha. Nasoro alimwambia kwa upole kwamba mtu haketishwi kwenye gari kwa huruma. Akaketi kiti cha mbele. Anatole akamfunga kifuani na kiunoni kwa kamba za mtumbwi, fundo la kwanza likafunguka, ikabidi arudie.

Vijana walisita. Constance akawaambia wasukume, mzee asikae hapo akiiva.

Gari likaenda ubavu. Likasimama kidogo, kama linafikiri, kisha likageuka. Tenga liligonga mchanga kwa kishindo kizito, kimoja, vumbi likapanda. Lilipotulia, gari la Anatole lilikuwa chali mbele ya kijiji kizima, uzito wake wote juu ya mabomba sita, na chini yake hakuonekana mtu.

Bahati alifika kabla ya wote. Alijitupa tumbo juu ya mchanga, akachungulia. Baba yake alikuwa ananing'inia kichwa chini kwenye kamba zake, kofia imeanguka, macho wazi.

"Bahati," alisema, "nafasi iko."

Halafu akaomba afunguliwe, maana damu yote imeshukia kichwani. Kwa hiyo safari ya kwanza ya gari ya Nasoro bin Feruzi ilikuwa ya hatua kumi, na alifika miguu juu. Watu walicheka mpaka wakalia, na wengine waliolia hawakuwa wamecheka.

Walipomtoa, Bahati hakuinuka. Aliingiza mkono chini ya gari, akapima kutoka mchangani mpaka kwenye kiti. Bega mpaka ncha ya vidole, na zaidi. Akapima tena mahali pengine. Vicheko vilikufa kimoja kimoja watu walipoona anachofanya.

"Useni angepona," alisema.

Nasoro alichuchumaa kando yake. Alikuwa bado na mchanga kwenye nywele.

"Ndiyo, mutoto yangu," alimjibu. "Angepona."

Anatole alisikia, hakuondoka. Alikuja akachuchumaa upande wa pili, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili ya mwaka jana watu hao watatu walikaa mahali pamoja bila mmoja wao kutafuta sababu ya kwenda.

Jumatano, siku ya soko, gari la buluu lilipanda Fizi na wanawake watatu. Constance alikaa nyuma kwa sababu ya mwili wake. Bahati alikaa mbele, mkono mmoja umeshika bomba lililovikwa pamba na mama yake, na Anatole aliendesha polepole hata watembea kwa miguu wakalalamika kwamba anawazibia njia. Walirudi jioni ile ile. Bahati hakuhitaji maji ya moto.

Habari zimeshuka mpaka Kazimia. Mwenye lori mmoja anayebeba watu juu ya marobota ya pamba ametuma salamu, na Nasoro anasubiri mashua ya mabomba mengine. Lori ni refu, anasema, litataka miguu kumi na mishazari minne. Anataka pia kumfundisha Anatole kuchomelea, kwa kuwa dereva anayejua kinachoshika tenga lake ataheshimu kona.

Anapoulizwa anatumaini nini kwa kazi hii mpya, Nasoro anaweka nyundo chini. Maisha yake yote, anaeleza, amefua vitu na kuviombea kazi: jembe lilime, shoka likate, ndoana ishike. Mteja akirudi na jembe lililochakaa, yeye hufurahi.

"Hii moja ni tofauti," anasema, akiangalia barabara ambako gari lilipotelea. "Hii naiombea ikae bule. Ioze na kutu pale juu, mpaka batoto ya Bahati bazeeke, na hakuna muntu atajua kama Nasoro alikuwa fundi."

Kisha anamwita Siti na kumuuliza mchanga umefikia wapi.